Mwaka Tuliomfundisha Kubisha

Jumuiya yetu haina jina mpaka leo, na si kwa kukosa kujaribu. Tulikaa Ijumaa tatu kwenye majlisi yangu, yaani sebule ya wageni, hapa Bawshar, wanaume wazima, wenye shahada ambazo ukizipanga moja juu ya moja zitagusa dari, tukashindwa kukubaliana tujiite nani.

Aliyeanzisha ni rafiki yangu Mkenya, anayefundisha uhasibu kwenye chuo kimoja hapa Muscat. Alisema sisi wanaume weusi tulioko vyuoni tunapotea mmoja mmoja. Kila mtu na ofisi yake, kila mtu na dhiki yake, na akija mwalimu mpya au mwanafunzi wa udaktari kutoka kwetu hana hata wa kumuuliza pa kupanga chumba. Yeye mwenyewe, wiki yake ya kwanza kazini, aliulizwa mara nne kama ndiye kocha mpya wa mpira. Na huyu ni mtu mwenye kitambi, miwani mizito na mkoba wa ngozi, ambaye akipanda ngazi moja hukaa.

"Tujiite Umoja wa Wanaume Weusi wa Elimu ya Juu," alisema, na kalamu ameshaitoa.

Ami akaweka kikombe chake chini. Ami ndiye mkubwa wetu, profesa mstaafu, Mzanzibari wa zamani. Sote twamwita ami kama vile ni ndugu wa baba zetu, na yeye hutuamuru kama vile ni kweli. "Weusi?" aliuliza. "Mweusi nani hapa?"

Katika majlisi ile hakuna aliyemzidi Ami kwa weusi, na wa pili yake ni mie.

"Mie Mwarabu," akasema Ami. "Babu yangu mzaa baba katoka Nizwa, na kaburi la baba yake liko kulekule, mtakao nendeni mkalione."

Mkenya akamtazama, akanitazama mie, akatazama juu. "Sawa, Ami. Basi tuseme Umoja wa Waarabu Weusi." Ami alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kilemba, lakini jina hakulikubali. Ijumaa ya pili tukajaribu Waswahili, Mkenya akakataa, kwa kuwa kwao huko magharibi ukimwita mtu Mswahili umemwambia ana maneno mengi na ahadi za uongo. Ijumaa ya tatu tukajaribu Waafrika, ikaonekana tutadhaniwa ni chama cha siasa. Tukaacha. Kwenye simu kundi letu linaitwa Ijumaa, na inatosha.

Mie mwenyewe nilizaliwa Unguja, nikaletwa Muscat mdogo. Nyumbani kwa bibi nilisema Kiswahili, skuli Kiarabu, chuo kikuu Kiingereza, na kwenye vikao vya idara nimenyamaza kwa lugha zote tatu kwa miaka zaidi ya ishirini. Ndivyo nilivyopanda cheo. Hilo nalisema wazi, kwa sababu kazi kubwa ya jumuiya yetu ilikuwa kuwashauri wadogo zetu namna ya kufanikiwa, na mie nilihesabiwa miongoni mwa waliofanikiwa.

Wa kumshauri tulimpata mmoja tu, na masikini tulimshauri sote kwa pamoja. Alikuwa mwanafunzi wangu wa udaktari, mtu wa Morogoro, umri wake miaka thelathini na sita, mke na watoto wawili kawaacha kwao. Chuo chake cha huko kilikuwa kimempa ruhusa ya masomo, na ruhusa yenyewe ilikuwa ukingoni. Akirudi na shahada, nafasi yake ya uhadhiri ipo. Akirudi mikono mitupu, nafasi inakwenda kwa mwengine, na kibali cha kukaa Oman nacho kinakwisha mwezi uleule. Mambo yake yote yalikuwa yamekaa juu ya kitabu kimoja, yaani tasnifu yake, na siku moja ya kukaa mbele ya watahini na kuitetea.

Kitabu chenyewe kilihusu wadi. Kwa asiyeijua nchi yetu, wadi ni bonde la mto ambalo karibu mwaka mzima halina hata tone, na barabara zetu hupita katikati yake kama mtu anavyopita uwanjani. Mvua ikinyesha milimani maji hushuka ghafla, na gari lililokuwa barabarani huonekana kesho yake limelala chini ya mgunga, magurudumu juu. Kila mwaka watu wanaonywa wasivuke, na kila mwaka wanavuka. Mwanafunzi wangu aliuliza: kwa nini?

Yeye alikuwa akikaa Al Amerat, ng'ambo ya milima, kwenye chumba alichopanga na Watanzania wenzake. Basi aliwauliza majirani zake. Miaka miwili alizunguka nyumba kwa nyumba, akanywa kahawa ya watu, akarikodi walimu, madereva, mama wa nyumbani, wazee. Na jibu alilorudi nalo lilikuwa jepesi kwa namna ya kuudhi: watu wanajua. Wanaijua wadi kuliko wanaowaonya. Wanajua rangi ya maji ya hatari, wanajua jiwe gani likifunikwa basi tena usithubutu. Wanavuka kwa sababu nyumba iko upande wa pili, mtoto yuko skuli, mama ana dawa zake za saa nane, na kazini kuna mashine ya kuweka kidole ambayo haina habari na mvua. Hawakosi elimu, aliandika, wanakosa daraja.

Nikamwambia tasnifu haimalizwi hivyo.

Nawauliza wenzangu wa vyuoni, semeni kweli: mmewahi kuona tasnifu ya kwetu isiyomalizika na "wananchi waelimishwe"? Iwe juu ya malaria, iwe juu ya taka, iwe juu ya samaki, mwisho wake wananchi waelimishwe. Yangu ilimalizika hivyo. Miaka mitano nyuma nilikuwa nimeandika makala juu ya mafuriko yenye kumalizika hivyo hivyo. Basi nikamwambia aongeze sura ya sita: kampeni ya kuwaelimisha wakaazi juu ya hatari za wadi.

"Lakini Profesa," alisema, na sauti yake ilikuwa chini kama ya mtu anayeomba ruhusa ya kutoka darasani, "mahojiano si yanasema kinyume?"

"Mwanangu," nikamjibu, "asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Akaenda, akaiandika. Kurasa arubaini. Makala yangu aliitaja mara kumi na moja, na sitaki kusema uongo, nilizihesabu, na niliona ni sura nzuri kuliko zote.

Zilipobaki wiki chache tukaanza kumwandaa kila Ijumaa, baada ya wali na papa. Ami alimfundisha kukaa: miguu chini, mikono juu ya mapaja, usimwelekezee mkubwa wako wayo wa kiatu. Mkenya alimpunguzia slaidi. Mie nilimfundisha unyenyekevu, somo ambalo nina uzoefu nalo. "Mtahini akikukosoa, mwambie ahsante," nilisema. "Usishindane na mtu aliyekushika mkononi. Heshima ni kitu cha bure." Naye akaandika kila neno kwenye daftari lake. Sijapata kuona mtu mzima mwenye adabu kama yule. Ukimpa kikombe cha kahawa anainuka nusu.

Kisha ikaja habari ya mtahini wa nje. Majlisi ilitaka kupasuka kwa furaha. Alikuwa mzee wa Afrika Mashariki, mwenye mvi kichwa kizima, anayefundisha nchi za mbali, na alikuwa anakuja mwenyewe, si kwa kioo cha kompyuta.

"Mtu wetu!" akasema Ami. "Khalas, keshapita huyu."

Mke wangu alikuwa ameingia na sahani ya halwa. "Mnamjua?" aliuliza.

"Hatumjui," nikasema, "lakini ni mtu wetu."

"Mtu wenu nyinyi nani," akasema, "na jina lenu wenyewe limekushindeni?" Akaweka sahani, akatoka.

Siku ikafika. Chumba cha utetezi chuoni kwetu kina kiyoyozi cha kuhifadhia nyama, na meza ndefu, na chupa ndogo za maji zilizopangwa safu. Watahini watatu upande mmoja, mwanafunzi peke yake upande wa pili, na msimamizi, ndiye mie, pembeni karibu na dirisha. Kanuni inasema msimamizi hukaa lakini hasemi mpaka aulizwe.

Mwanafunzi wangu aliingia na suti ya kuazima. Alipomwona yule mzee hakukaa. Alizunguka meza yote, akainama, akampa mikono miwili. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akasema mzee, na nikaona uso wake umelainika. Nikatabasamu. Nilidhani tumeshinda. Kumbe ndiyo tulikuwa tumeshindwa, pale pale, kabla ya swali la kwanza. Maana ukishamshika mtu miguu kwa salamu, utamwambiaje nusu saa baadaye kwamba hajakufahamu?

Yaliyofuata yalikuwa kwa Kiingereza, lakini Kiingereza cha watu walioamkiana kwa Kiswahili. Mzee aliruka kurasa zote mpaka sura ya sita.

"Katika sura ya nne watu wanakwambia wanajua," alisema. "Katika sura ya sita wewe unawaambia hawajui. Nani mwongo hapa, wao au wewe?"

Mwanafunzi wangu alinitazama. Kidogo tu, kama mtu anayetazama saa ya ukutani. Na mie nikawa nasoma karatasi ya chupa ya maji. Nilisoma imejazwa wapi, nikasoma ina madini gani. Kanuni si inasema msimamizi hasemi mpaka aulizwe? Nikaishika kanuni hiyo kwa mikono miwili.

"Kosa ni langu, mzee," akasema. "Nashukuru kwa marekebisho."

Ikawa hivyo mpaka mwisho. Mzee akisema njia ya utafiti ina kasoro, ni kweli mzee. Akisema sampuli ni ndogo, ni kweli mzee, na haikuwa ndogo. Akasema hata jambo moja ambalo mie nnajua alilisema makusudi, la uongo mtupu, apate kuona kama huyu mtu ana uhai. Ni kweli mzee, nitarekebisha. Mwisho mzee akavua miwani.

"Hivi, kuna jambo lolote katika kitabu hiki unaloliamini?"

"Nitalirekebisha, mzee."

Hakupita. Walimpa miezi minne aje tena, na mara hiyo ikiwa ya mwisho. Akishindwa ya pili, basi: hakuna shahada, hakuna kazi Morogoro, anafunga sanduku lake.

Nilimpakia gari nikampeleka kunywa chai Madinat Sultan Qaboos, kwenye mkahawa wa wazungu na watu wa mabalozi, kwa sababu nilijua sitamkuta mtu ninayemjua. "Nisamehe, Profesa," alisema. "Nimewaangusha." Nikamwambia asijali, haya ndiyo maisha ya wasomi. Nikamwagizia na keki. Neno nililotakiwa kulisema lilinifika hapa kooni, nikalishushia kwa chai. Niliona haya wallahi, lakini haya haikunizuia kula keki yangu.

Ijumaa iliyofuata majlisi ilikuwa matanga. Ami ndiye aliyewaka kuliko wote. "Mtu wetu gani yule!" alisema. "Mweusi mwenzetu kutufanyia vile!"

Mkenya aligeuza kichwa polepole. "Ami. Leo umekuwa mweusi?"

"Leo nimekasirika," akasema Ami.

"Basi mimi nitasema, na mkinifukuza nitaenda," akasema Mkenya. "Shida si yule mzee. Shida ni sisi. Kijana wa watu alikuja hapa na maswali, tumempa adabu. Wiki sita! Tumemfundisha kuinama mpaka hajui kusimama. Anayeenda kutetea kitu lazima abishe, bana. Tumfundishe kubisha."

Kisha, kwa kuwa sisi ni watu wa elimu ya juu, tukatengeneza ratiba.

Katika maisha yangu nimeona mengi, lakini sijaona kitu cha kuchekesha na kutia huruma kama mtu wa adabu anayefundishwa kubisha na watu waliomzidi umri. Ami alikaa kwenye kiti cha mtahini. "Huu utafiti wako upuuzi mtupu," alisema.

"Ndiyo, Ami."

"Usiseme ndiyo! Bisha!"

"Nitabisha, Ami, ukiniruhusu."

"Nimekuruhusu!"

"Ahsante, Ami."

Mkenya alilala chali kwenye mito akashika tumbo. Ijumaa ya pili akaanza kusema "labda". Ya tatu akasema "sina hakika kama ni hivyo", tukampigia makofi. Ijumaa ya nne Ami, kwa kunogewa na kiti, akaanza hadithi zake: ati zamani wadi haikuchukua mtu, kwa sababu watu wa zamani walikuwa na akili zao, si hawa wa sasa wenye simu.

"Si kweli, Ami," akasema mwanafunzi wangu.

Tukageuka sote.

"Mama mmoja wa Al Amerat, ana miaka zaidi ya themanini, ameniambia wadi ilimchukulia kaka zake wawili kwa siku moja, na enzi hizo hata gari hawajaliona kwa macho. Nimemrikodi. Watu wa zamani walikufa vilevile, ila hakukuwa na wa kuwapiga picha."

Alisema bila kuinamisha macho. Moyo wangu ulijaa, nikataka kumkumbatia. Ami aliinuka, akatafuta makubadhi yake, akayavaa moja moja.

"Mie mwongo?" aliuliza. "Kwenye umri huu? Mbele ya watu?" Akaenda zake.

Ijumaa mbili hakuja wala hakujibu simu. Jumuiya ya kuwainua wanaume wasomi ilikuwa inakufa kwa sababu mmoja wao ameinuka. Ikabidi tuunde ujumbe. Tulikwenda nyumbani kwake watu watatu na bakuli la halwa ya zafarani, na mwanafunzi wetu akamwomba radhi kwa kufanya kile tulichokuwa tukimfundisha mwezi mzima.

"Nilimwambia abishe," alisema Ami, na halwa keshaikubali. "Sikumwambia abishane na mie." Kisha, tulipokuwa tunatoka, akanivuta mkono mlangoni. "Lakini kanijibu, ee? Umemsikia alivyonijibu?" Uso ulikuwa unamng'ara kama wa mtu aliyepata mjukuu.

Katika yote haya kulikuwa na jambo moja ambalo majlisi nzima haikulijua. Walidhani sura ya sita kaizua mwenyewe. Siku moja Mkenya alimuuliza, tena kwa upole, "Lakini ndugu yangu, ile sura ilikuingiaje kichwani?" Mie nilikuwa namenya chungwa. "Yalikuwa makosa yangu," akajibu. Nikaendelea kumenya, nikamgawia kipande.

Mke wangu ndiye aliyejua. Alikuwepo siku nilipomwelekeza kwenye simu. "Mwambie aitoe sura yako," aliniambia.

"Si yangu. Ni yake."

"Nilikusikia mie kwa masikio yangu. Ulimsomea mpaka vichwa vya habari."

Nikafanya kile nilichokiona ni ujasiri mkubwa: nilimwambia aipunguze. Sikumwambia aitoe. Ikishatolewa, watu wangeuliza ilikuwa ya nani, na jina la msimamizi limeandikwa ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa. Kutoka kurasa arubaini zikabaki nne, na makala yangu ikabaki mara moja. Nilijiona nimejitoa mhanga.

Siku ya pili ya utetezi alikuja na suti ileile. Mzee wa mvi alikuwa amekaa palepale. Safari hii mwanafunzi wangu alimwamkia kutoka upande wake wa meza, akakaa. Mie nikakaa karibu na dirisha langu.

Alianza vizuri. Aliulizwa juu ya sampuli, akaitetea. Aliulizwa juu ya njia, akasema hapana, mzee, tazama ukurasa huu, na mzee akatazama ukurasa huo. Nilikuwa nahesabu kila "hapana" kama baba anayehesabu hatua za mwanawe wa kwanza. Mie ndiye niliyemfundisha, nilijiambia. Sisi.

Kisha mzee akafungua zile kurasa nne.

"Bado zipo," alisema.

"Zipo, mzee," akasema mwanafunzi wangu. "Siziamini."

"Mbona umeziandika?"

Safari hii hakunitazama, na afadhali angenitazama, kwa sababu nilikuwa nimekwishaanza kumfanyia ishara kwa kichwa, na sitasema ishara yenyewe ilikuwa ya ndiyo au ya la.

"Msimamizi wangu alinishauri," alisema. "Ni mtu aliyenisaidia sana, na ninamheshimu kama mzazi. Lakini katika hili amekosea. Watu niliokaa nao hawahitaji kuelimishwa. Na mimi nimo. Mimi ninaishi Al Amerat. Mwaka jana siku ya mvua kubwa nilivuka wadi na gari langu. Maji yalikuwa yameshafunika jiwe wanaloliangalia, na mimi nilikuwa ndani ya utafiti huu mwaka wa pili, hakuna aliyekuwa anajua kuliko mimi. Gari lilizimika katikati. Nilitokea dirishani."

"Kwa nini ulivuka?" akauliza mzee.

"Nilikuwa na miadi na msimamizi wangu. Alikuwa ameniambia nisichelewe."

Niliikumbuka siku ile. Alisimama mlangoni mwa ofisi yangu, suruali imemganda mapajani, viatu mkononi, na mfuko wa plastiki wenye karatasi zake kaukumbatia kifuani. Nilidhani kanyeshewa tu.

Mzee alifunga kitabu. Akanigeukia, na hakuwa na ukali, alikuwa kama mtu anayeuliza njia.

"Profesa, alipofika, ulimwambia nini?"

Kanuni inasema msimamizi hasemi mpaka aulizwe. Nilikuwa nimeulizwa.

"Nilimwambia kachelewa," nikasema.

Wakatutoa nje. Dakika ishirini hivi tulikaa mie na yeye kwenye ukumbi, kiti kwa kiti. Nilikuwa na hasira, nisidanganye, kwanza ilikuja hasira. Mbele ya watu! Kwenye umri huu! Kisha wakatuita ndani, mzee akasimama, akamwita Daktari na jina lake, akampa mkono. Amepita, na kurasa nne zitolewe.

Tulipotoka wenzetu walikuwa wamekwishafika. Ami na fimbo yake, Mkenya na simu juu anapiga picha, wengine na sanduku la keki. Vigelegele vya wanaume, vibaya kupita kiasi. Yeye aliwapita wote akaja kwangu. Machozi yalikuwa yanamtoka. Akainama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nisamehe, Profesa," alisema. "Nimekuvunjia heshima."

Majlisi nzima ilikuwa inatutazama, na hakuna aliyejua kilichosemwa ndani. Nilikuwa na pumzi ya kutosha, na nilikuwa na lugha tatu. Nikamwekea mkono begani, nikamwambia, kwa sauti ya kila mtu kusikia, kwamba nimeshamsamehe.